Ng'ombe Aliyelala Bado Anaumia

Wafugaji wengi, maafisa mifugo wengi, na hata madaktari wa mifugo ambao walipaswa kujua zaidi, wanaamini jambo moja: mnyama akishachomwa sindano akalala, haumii. Dume anahasiwa, jike anapasuliwa ili ndama atolewe, mbwa anakatwa uvimbe, punda anashonwa jeraha, na kipimo cha kazi nzuri ni kwamba mnyama hakupiga teke. Naipinga imani hiyo kwa nguvu zangu zote. Ni ya uongo, watafiti wamekwisha kuionyesha kuwa ya uongo, na kwa sababu yake kuna wanyama wanaokatwa kila siku huku wanasikia kisu.

Tuanze na chupa yenyewe. Dawa inayotegemewa sana katika kazi hii ni zailazini. Ilitengenezwa mwaka 1962 na kampuni ya Bayer, Ujerumani, ikikusudiwa watu wenye shinikizo la damu. Kwa binadamu haikufaa, kwani iliwashusha presha kupita kiasi na kuwalegeza, ikahamishiwa kwa wanyama. Inafanya kazi kwa kuzuia ubongo usimwage kemikali inayouweka mwili macho. Mnyama anainamisha kichwa, mdomo wa chini unaning'inia, mate yanachuruzika, magoti yanakunjika, na ng'ombe anajilaza. Asiyejua anaona usingizi mzito. Lakini dawa hiyo inatuliza, inalegeza misuli, na inapunguza maumivu kwa kiasi fulani na kwa muda mfupi. Haizimi fahamu.

Muda huo mfupi ndio kiini cha ugomvi wangu. Utulivu wa zailazini kwa ng'ombe unaweza kudumu saa nzima na zaidi. Nafuu ya maumivu inayokuja nayo huisha mapema, mara nyingi ndani ya dakika 15 hadi 30. Sasa ifuate kazi ilivyo bomani. Sindano inachomwa, watu wanasubiri mnyama alale, kamba zinafungwa, manyoya yananyolewa, ngozi inaoshwa, mtu anatumwa akalete ndoo nyingine ya maji. Wembe unapoanza kukata, sehemu kubwa ya nafuu hiyo imekwisha. Wakati wa kushona haipo kabisa. Ng'ombe bado kalala, bado katulia, na kila aliyesimama pale anaamini hasikii kitu kwa sababu hapigi teke. Ni sawa na kumziba mtoto mdomo kwa kiganja, kisha ukawaambia majirani kwamba ameacha kulia.

Kwa mbwa hali huwa mbaya zaidi inapotumika asepromazini peke yake. Dawa hiyo inamtuliza mbwa, inamwondolea wasiwasi, na haina uwezo wowote wa kuondoa maumivu. Kumkata mbwa kwa asepromazini bila ganzi ni kumkata mbwa mzima aliyeishiwa nguvu za kujitetea.

Kuna watakaosema haya ni maneno ya mtu mwenye huruma nyingi, na kwamba maumivu ya mnyama hayapimiki. Yanapimika. Katika Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand, Kevin Stafford, David Mellor na wenzao walitumia miaka mingi wakipima kotisoli, homoni inayopanda mwili unapokuwa katika dhiki, kwenye damu ya ndama wanaokatwa pembe. Ndama aliyekatwa bila dawa yoyote, homoni hiyo ilipanda ghafla na kukaa juu kwa saa kadhaa. Aliyepigwa ganzi ya lignokeini kwenye mshipa wa fahamu wa pembe, haikupanda kwa muda wa saa 2 hivi. Ganzi ilipoisha ikapanda, maana maumivu yalikuwa yakimsubiri. Aliyepewa ganzi pamoja na dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe, kama ketoprofeni, alivuka salama vipindi vyote viwili. Na yule aliyepewa zailazini peke yake? Homoni ilipungua, lakini ilipanda. Ndama alikuwa mtulivu kwa nje na mwili wake ukipiga kelele kwa ndani. Zailazini ilipounganishwa na ganzi, kelele hiyo karibu ilitoweka.

Matokeo hayo yamekuwepo tangu miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Yamo kwenye vitabu vya wanafunzi. Anayeendelea kusema mnyama aliyelala haumii anasema hivyo dhidi ya ushahidi uliokwisha kuwekwa mezani.

Historia ya tiba ina onyo kali zaidi. Mwaka 1947 yalichapishwa matokeo ya jaribio ambalo daktari wa nusukaputi wa Marekani, Scott Smith, alijitolea kufanyiwa yeye mwenyewe. Alichomwa kurare, dawa ya kupooza misuli, mpaka asiweze kuinua hata kope, akawa anapumuliwa na wenzake. Wakati huo wapo madaktari waliodhani kurare ina usingizi ndani yake, kwa kuwa mgonjwa aliyepewa hajitikisi. Smith alipopata nguvu tena alieleza kila kitu kilichosemwa na kilichofanywa juu ya mwili wake. Alikuwa amesikia yote, na maumivu pia. Pamoja na ushuhuda huo, kwa miaka mingi baadaye farasi walihasiwa kwa saksametoniamu, dawa nyingine ya kupooza, bila nusukaputi wala ganzi. Farasi alianguka kama gogo, hakutikisa hata sikio, akakatwa akiwa macho kabisa. Waliofanya hivyo walikuwa watu wenye vyeti, na hoja yao ilikuwa hii hii ninayoisikia leo: ametulia.

Zailazini si dawa ya kupooza, na sitaki kuilinganisha na saksametoniamu kwa ukatili. Ninachokataa ni kosa la fikra linalofanana: kuutazama mwili usiojitikisa ukahitimisha kwamba ndani yake hamna anayeumia. Jumuiya ya kimataifa ya wanaotafiti maumivu iliirekebisha fasili yake ya maumivu mwaka 2020, na katika maelezo yake ikaweka wazi kwamba kushindwa kujieleza hakuondoi uwezekano wa binadamu au mnyama kusikia maumivu.

Hoja ya pili ndiyo kongwe, na inapendwa sana kwetu: ng'ombe wa kienyeji ni wagumu. Ng'ombe wa kizungu, sawa, huyo ni laini, lakini huyu mwenye nundu amezoea miiba, jua na kupe, akihasiwa asubuhi jioni anakula majani. Wanasema hivyo hivyo juu ya mbuzi na punda.

Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha UNESP, Botucatu, nchini Brazil, walichapisha kipimo cha maumivu ya ng'ombe baada ya upasuaji. Walikitengeneza kwa kuwatazama madume wa Nelore wakati wa kuhasiwa. Nelore ana nundu. Ni zebu, wa ukoo mmoja na ng'ombe unaowaona Shinyanga, Dodoma na Kajiado. Walipowatazama kwa makini, kabla na baada ya kukatwa, kabla na baada ya kupewa dawa ya maumivu, dalili zilijitokeza wazi: dume anayeumia anajitenga na wenzake, anatembea kwa shida mgongo ukiwa umekunjwa, anakula kidogo au anakataa, anapeperusha mkia kwa nguvu, analamba jeraha, ananyoosha miguu ya nyuma, anashusha kichwa chini ya usawa wa mgongo. Wakimpa dawa ya maumivu, dalili zinapungua. Ng'ombe mgumu aliumia kama ng'ombe mwingine yeyote. Kilichokosekana siku zote ni mtu wa kumtazama.

Jaribu mwenyewe. Siku madume wako wakihasiwa kwa koleo, usiondoke. Kaa ukutani mwa boma saa 2 au 3, kwa utulivu, maana ng'ombe akimwona mtu karibu anaficha udhaifu wake kama mnyama yeyote anayewindwa. Utamwona anainua mguu wa nyuma na kuushusha, anaugeukia ubavu wake, analala na kuinuka, analala na kuinuka. Utamwona amesimama miguu imeachana, haendi kwenye maji ingawa wenzake wote wamekwenda. Huyo ndiye tunayesema hakuumia kwa sababu jioni alionekana akitafuna majani.

Na tusidhani kosa hili tumelifanya kwa wanyama tu. Mpaka miaka ya 1980 watoto wachanga, hasa njiti, walipasuliwa katika hospitali za nchi tajiri kwa dawa kidogo mno za usingizi na maumivu. Hoja zilikuwa mbili: mtoto mchanga hajakomaa kiasi cha kusikia maumivu, na dawa zenyewe zitamuua. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake, Oxford, walichapisha jaribio lao kwa njiti waliopasuliwa kufungwa mshipa karibu na moyo. Waliopewa fentanili, dawa kali ya maumivu, mwili wao ulitulia zaidi na matatizo baada ya upasuaji yalikuwa machache kuliko kwa wale ambao hawakuipata. Maumivu ndiyo yaliyokuwa yakiwadhuru. Nimesoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara naona hoja hizo mbili zikihama kutoka kitandani kwa mtoto kwenda bomani kwa ndama bila kubadilika hata neno.

Basi tuitazame hoja ya hatari, maana hiyo ina ukweli ndani yake na haifai kupuuzwa. Dawa za usingizi zinaua. Uingereza walifanya uchunguzi mkubwa kati ya mwaka 2002 na 2004, wakafuatilia mbwa 98,036, paka 79,178 na sungura 8,209 waliopewa nusukaputi au dawa ya kutuliza. Mbwa 1 katika kila 601 alikufa kwa sababu zinazohusiana na dawa hizo ndani ya saa 48. Paka 1 katika 419. Sungura 1 katika 72. Kwa farasi, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha farasi zaidi ya 41,000 ulikuta vifo 1.9 katika kila 100, na bado karibu 0.9 ukiwaondoa wale waliopasuliwa kwa ugonjwa wa tumbo. Ni idadi ya kutisha.

Lakini soma uchunguzi ule wa Uingereza mpaka mwisho. Wakati ambao mbwa, paka na sungura wengi zaidi walikufa ulikuwa baada ya upasuaji, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ikaja katika saa 3 za kwanza, pale ambapo mpasuaji amekwisha kunawa mikono na mnyama ameachwa alale mpaka aamke mwenyewe. Kwa paka, kupima mapigo na kiasi cha oksijeni katika damu kulihusiana na vifo vichache. Kinachoua, mara nyingi, ni kumwacha mnyama peke yake. Mtu akisema dawa ni hatari kwa hiyo afadhali kukata bila ganzi, huyo ameusoma ukurasa wa kwanza akafunga kitabu. Tena ganzi ya sehemu, inayopigwa mnyama akiwa amesimama, haimlazi, haimzuii kupumua, haimjazi gesi tumboni. Inawezekana kuliko yote, na ndiyo tunayoiruka.

Hatari ya kweli kwetu iko kwenye kile kinachoitwa sindano moja inatosha. Zailazini ni dawa ambayo wanyama wanatofautiana mno kuihimili. Farasi anapewa takriban miligramu 1 kwa kila kilo ya mwili. Ng'ombe anahitaji karibu sehemu moja ya kumi ya hiyo. Nguruwe anaweza kupewa zaidi ya farasi na bado asilale vizuri. Na ipo tofauti hata miongoni mwa ng'ombe: vitabu vya fani vinasema Brahman, ng'ombe mwenye nundu, hulegezwa na dozi ndogo kuliko Hereford na Holstein wa Ulaya. Anayechukua dozi iliyoandikwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa wa Ulaya akampa zebu wetu huenda anamzidishia. Isitoshe, dawa hii kwa kawaida inauzwa kwa nguvu mbili, miligramu 20 na miligramu 100 katika kila mililita. Chupa zinafanana. Ukikosea chupa, umempa mara 5.

Yapo mengine ambayo watafiti wameyaona na ambayo hayaonekani kwa macho bomani. Kondoo akichomwa zailazini mapafu yake yanaweza kujaa maji na oksijeni kushuka vibaya, hata kwa dozi ya kawaida. Ng'ombe aliyelala ubavu hawezi kucheua gesi. Tumbo linavimba, linasukuma kiwambo, pumzi inakuwa fupi, na matapishi yakipanda yanaweza kuingia mapafuni. Jike mwenye mimba kubwa akichomwa, mfuko wa uzazi unakaza kana kwamba amepewa dawa ya uchungu na damu inayomfikia ndama inapungua. Kisha mtu huyo huyo anampasua amtoe ndama, anamkuta amelegea au amekufa, analaumu bahati. Dawa ya kumzindua mnyama aliyepewa zailazini ipo, tolazolini ni mojawapo, lakini ni mara chache kuiona kwenye begi la mtu anayezunguka vijijini. Kwa kuamini sindano moja, tunapata hasara mbili: mnyama anaumia, na pengine anakufa.

Nasikia pia kwamba utafiti wote huu ni wa wazungu wenye mbwa wanaolala vitandani, kwamba Afrika ina matatizo makubwa zaidi. Hoja hiyo inanikera kuliko zote, kwa sababu Afrika ni moja ya mahali elimu hii ilikojengwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Toni Harthoorn, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Afrika Mashariki, alikuwa miongoni mwa waliotoa njia ya kukamata faru na tembo kwa mshale wa dawa, kwa kutumia etofini, dawa yenye nguvu maelfu ya mara kuliko mofini. Watu walipoona faru akianguka salama walidhani mambo yamekwisha. Watafiti wa Afrika Kusini wakaendelea kupima damu ya faru waliolala, wakakuta oksijeni imeshuka vibaya, hewa chafu imejaa, presha imepanda. Wakajaribu mrija wa oksijeni puani, wakajaribu kuongeza butofanoli ili kupunguza ukali wa etofini. Namibia walikwenda mbali zaidi. Faru weusi walikuwa wakisafirishwa kwa helikopta wakiwa wamening'inizwa miguu juu, kichwa chini, na hakuna aliyejua inawafanya nini. Robin Radcliffe na wenzake wakawaning'iniza faru 12 kwa winchi, kila mmoja kwa dakika 10, wakapima damu, wakapima tena faru akiwa amelala ubavu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: kichwa chini, faru alipumua vizuri kidogo kuliko akiwa ubavu, ingawa kwa hali zote mbili oksijeni yake ilikuwa chini. Kazi hiyo ilipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel, na dunia ikacheka. Mimi naiheshimu sana. Walikuwa wanafanya jambo kila mara bila kujua linamfanyaje mnyama, wakaamua kujua.

Ndivyo tunavyomtendea faru. Anapolazwa Tsavo au Serengeti kuna daktari kichwani mwake, mtu wa kuhesabu pumzi, kitambaa machoni, maji ya kumpoza, na dawa ya kumzindua imekwisha kuvutwa kwenye sindano kabla mshale haujarushwa. Wataalamu hao ni wetu, wamefunzwa Kabete, Morogoro na Makerere. Nje ya mpaka wa hifadhi hiyo hiyo, ndama wa mfugaji anakalishwa chini na vijana 4, chuma kinatolewa motoni, na pembe inachomwa bila hata tone la ganzi. Watu wanaoweza kumhudumia faru aliyelazwa kwa etofini hawashindwi kumpiga ndama ganzi. Tumechagua tu kwamba mmoja anastahili na mwingine hastahili.

Imebaki hoja ya gharama, na hapa nataka nieleze kwa urefu kidogo, maana wengi wanaoirudia hawajawahi kuifanyia hesabu. Lignokeini ni miongoni mwa dawa za bei ya chini katika begi la daktari wa mifugo. Kwa ng'ombe, pembe ina mshipa mmoja mkubwa wa fahamu. Unapita chini ya ukingo wa mfupa ulio kati ya kona ya jicho na shina la pembe. Pitisha kidole hapo utausikia ukingo huo. Sindano inaingia katikati ya njia hiyo, dawa inamwagwa, mililita 5 kwa upande kwa ndama, kisha unasubiri. Kusubiri ndiko kunakotushinda. Dakika 10 zinatosha, na kabla ya kukata unachoma ngozi ya shina la pembe kwa ncha ya sindano: akirusha kichwa, bado. Chupa ya mililita 100 inawatosha ndama 10.

Mbuzi ana mishipa miwili kwa kila pembe, na ndiyo maana wanaompiga ganzi kama ng'ombe wanadhani ganzi haifanyi kazi kwake. Tena kwa mwanambuzi lazima kupima. Mwenye kilo 4 hapaswi kuzidishiwa takriban mililita 1 ya lignokeini ya asilimia 2 kwa kichwa chote. Akizidishiwa anaweza kupata degedege na kufa. Unaichanganya na maji safi ya sindano ili itoshe sehemu zote nne. Hilo si jambo gumu kwa mtu aliyesomea. Ni jambo la kujali.

Ganzi ikiisha, maumivu yanarudi, kwa hiyo inahitajika dawa ya pili. Meloksikamu inafanya kazi hiyo vizuri. Sindano moja kwa ng'ombe inakaa mwilini zaidi ya siku nzima. Nasisitiza jina lake, kwa sababu ipo nyingine ya bei ndogo ambayo tusiikaribishe kwenye mifugo. Diklofenaki, iliyotumika sana kwa ng'ombe wa Bara Hindi, ilikuwa inawaua tai wala mizoga waliokula ng'ombe waliotibiwa nayo. Figo zao zilikufa. Watafiti walithibitisha hilo Pakistan mwaka 2004, wakati baadhi ya jamii za tai hao zikiwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 95, na India, Pakistan na Nepal zikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Meloksikamu ilijaribiwa kwa tai na kuonekana salama, na sehemu kubwa ya majaribio hayo ilifanywa na wataalamu wa Pretoria. Sisi wenye tai Mara na Ruaha hatuna udhuru wa kutojua.

Najua pia hali ya afisa mifugo. Ana kata nzima, pikipiki ya kuazima mafuta, na mfugaji anayemwambia fanya haraka, nimeita watu 6 wa kushika. Siwatupii wote lawama. Anayebeba lawama ni yule anayejua tofauti ya kutuliza na kuondoa maumivu, akaamua kuwafundisha wanafunzi wake kwamba ni kitu kimoja kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tangu miaka ya 1960. Sheria zipo, dawa zipo, elimu ipo.

Upande wa utafiti pia kuna kinachokosekana, na huko ndiko vyuo vyetu vinapaswa kuelekeza nguvu. Dozi ya zailazini kwa zebu wetu wadogo, wenye njaa ya kiangazi na minyoo tumboni, inapaswa kujulikana kwa kupimwa hapa, kwenye boma, si kwa kukisia kutoka kwenye jedwali la Ulaya. Punda anatumia ketamini haraka kuliko farasi na anaweza kuamka kabla kisu hakijamaliza. Hilo linajulikana kwa punda wa kwingine, na punda wetu wanaobeba maji na kuni wanastahili kupimiwa wao wenyewe. Wanafunzi wanaotafuta mada ya shahada waipate hapa.

Baraza la Veterinari Tanzania na bodi ya veterinari ya Kenya nawaomba jambo moja lisilohitaji bajeti kubwa: kuhasi kwa kisu, kukata pembe na kupasua kwa sindano ya kutuliza peke yake kuhesabiwe kuwa kosa la kitaaluma, na anayefanya aitwe ajieleze.

Na wewe mfugaji, mwenye mali, una nguvu kuliko baraza lolote, maana wewe ndiye unayelipa. Siku mtaalamu akifika bomani na kuvuta dawa kwenye sindano, muulize ni dawa gani, na ganzi iko wapi. Akikujibu kwamba mnyama akilala hasikii kitu, usimruhusu akate. Mwambie akachukue lignokeini kwanza, arudi.